Namba ya Kopo la Dirishani

Kwenye treni ya Mwanza, Recheli alijifanya amesinzia, kumbe masikio yote yalikuwa kwa Apolinaria, muuza asali wa Ng'ambo, aliyekuwa akimsimulia abiria wa pembeni habari za duka lake la mtandaoni. "Lilikataa asali isiyo na namba ya bidhaa. Nikaweka ya kopo lililokuwa dirishani. Namba si namba, kaka?"

Kaka akaitazama simu ya Apolinaria, akashika kichwa. "Mama yangu! Hiyo ni namba ya dawa ya kupe. Duka limeisoma namba, likafuta asali, likaandika dawa!"

Recheli akasahau usingizi wake wa uongo.

"Toba!" Apolinaria akasema. "Ndiyo maana wateja wananiuliza lita moja inaogesha ng'ombe wangapi! Nikadhani utani, nikamwambia mmoja wa Bukene anisubiri stesheni na treni hii."

Treni ikasimama Bukene. Mzee mmoja akaja mbio dirishani. "Dada wa dawa yuko wapi? Ng'ombe wangu wanakwisha!"