Bi Kwanini na Mabwawa Yake ya Kambare

Mama tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa tatu kati ya saba wa fundi mwashi na mkewe mshonaji. Nyumba ilikuwa ndogo, kwa hiyo hakuwahi kulala kitanda cha peke yake hadi ukubwani. Alipokipata, hakukipenda.

Alianza shule mwaka 1961, akamaliza darasa la saba mwaka 1967. Huko ndiko alikopewa jina lililomganda hadi leo. Mwalimu wa sayansi alikuwa akieleza jinsi mmea unavyokunywa maji, yeye akasimama: "Kwa nini haukojoi, mwalimu?" Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye akashindwa kujizuia. Tangu siku hiyo akawa Bi Kwanini. Sekondari aliisikia kwa wenzake tu. Ada haikutosha, na kaka zake walitangulizwa.

Tarehe 7 Septemba 1974 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache aliyefurahi kumpata mwenye maneno mengi. Walijaliwa watoto wanne. Mwaka 1986 fundi huyo alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akapandikiza vifaranga vya kambare. "Samaki hawana kazi," alimwambia mkewe. "Unawatupia pumba, wanajilea." Mwaka 1991 alianguka kutoka juu ya paa alilokuwa akilichomelea, akafariki siku hiyohiyo. Kambare wakabaki na mjane, mjane akabaki na kambare.

Aliwalisha pumba, kama mumewe alivyosema. Siku ya kuvua, mchuuzi wa sokoni alimwinua mmoja, kichwa kikubwa, mwili kama mkia wa panya, akauliza, "Mama, hawa uliwafuga au uliwafunga?" Mama alicheka pamoja na watu. Alipofika nyumbani ndipo alipolia. Kulipokucha, alikwenda ofisini kwa bwana samaki, afisa wa serikali anayewashauri wafugaji.

"Pumba inajaza tumbo, mama, haijengi mwili," bwana samaki alimwambia. "Kambare anataka protini. Asipoipata atadumaa, au atamla mdogo wake."

"Na kwa nini watu wote wanawapa pumba?"

"Kwa sababu hawaulizi."

Aligawa bwawa kwa wavu. Upande mmoja aliendelea na pumba. Upande wa pili aliwapa mchanganyiko wa dagaa wa kusaga, soya ya kukaanga na mashudu ya alizeti, aliousokota kwa mashine ya kusagia nyama na kuuanika juani. Msimu haujaisha, tofauti ilionekana kwa macho. Tamaa ikamwingia: akaongeza dagaa, akaongeza tena, akidhani atavua nyangumi. Maji yakachafuka, samaki wakawa wanahema juujuu, nusu yao wakafa. Ndipo alipoelewa kwamba kifaranga anahitaji protini nyingi, mkubwa anahitaji kiasi, na kinachozidi ni kulisha matope. Wafugaji waliokuja kujifunza kwake aliwaeleza hasara hiyo kwanza, faida baadaye.

Bwawa moja likawa manne. Kambare waliwasomesha watoto wote, na elimu ikawachukua mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mbali kuliko aliyemtangulia. Hilo hakuwa amelipigia hesabu. Harufu ya dagaa haikumtoka mikononi, na kwenye mikutano kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu. Alikiwekea mkoba wake, kana kwamba amemshikia mtu nafasi. Jioni alipowalisha samaki, alizungumza nao. "Wakisikia sauti yangu wanakuja," alimwambia bintiye kwenye simu.

Mwaka 2015 kifungua mimba wake alimchukua akaishi naye mjini, ghorofa ya nne. Siku moja alimkuta dirishani.

"Mama, unatazama nini?"

"Namtafuta wa kumuuliza kwa nini watu wa huku hawasalimiani."

Mwezi haukuisha, akarudi kwenye mabwawa yake.

Mwaka 2019 miguu ilianza kuvimba, ikagundulika kuwa figo zinashindwa kazi. Daktari alimwamuru apunguze samaki, nyama na maharage. "Daktari," alisema, "maisha yangu yote nimehubiri protini. Leo unataka nidumae?" Hata hivyo alitii, akawa anawapikia wageni asichoweza kula, na kuwatazama wakila. Wageni wenyewe hawakuwa wengi.

Alilazwa tarehe 2 Juni 2023. Alifariki mchana wa tarehe 9, watoto wake wakiwa bado njiani. Muuguzi aliyekuwa amemshika mkono anasema hakulalamika. Aliuliza tu kwa nini vitanda vya hospitali vimewekwa mbali hivi kimoja na kingine.

Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, na dada mmoja. Kitinda mimba wake ndiye anayewasomea haya. Watoto wake wote walikutana nyumbani mara ya mwisho mwaka 2008, kwenye harusi ya binti yake wa pili. Kila mwaka aliwaomba warudi pamoja, hata kwa siku moja. Jana usiku wamelala wote nyumbani kwake, wengine sakafuni, kwa kuwa nafasi haikutosha.

Mungu amlaze pema, mahali penye watu.