Niliposaini Kitabu cha Wageni

Mwenyekiti, kina mama, wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi mliojibanza kule nyuma karibu na birika la chai, hamjambo. Nimeitwa kusema kwa sababu wawili kati yetu wameomba mkopo. Wanataka kuacha kazi za mshahara wanunue vifaa, wawe wakandarasi. Mwenyekiti akaniambia, "Wewe simama uwaeleze yaliyokupata, kisha tutaamua." Sikufurahi. Haya si mambo ninayopenda kuyasema mbele za watu, lakini chama hiki kinanidai maneno, basi nisikilizeni.

Nilikuwa fundi wa friji na AC katika hoteli moja ya ufuoni, hapa hapa Malindi. Sitaitaja. Nilikaa pale miaka kumi na mmoja. Mshahara ulikuwa elfu thelathini na mbili kwa mwezi, na hakuna mwisho wa mwezi uliopita bila mimi kuusema vibaya. Mke wangu yuko pale amekaa, muulizeni. Nilikuwa nikirudi nyumbani nalalamika mpaka chakula kinapoa.

Basi mwaka ule, Desemba ilipoanza, meneja akaniita ofisini. Akasema hoteli inabadilisha utaratibu, mafundi watakuwa wakandarasi. Badala ya mshahara nitalipwa elfu tatu na mia tano kwa kila siku nitakayoitwa. Akanipa karatasi nne nisome. Mimi sikusoma. Nilitoa simu nikazidisha elfu tatu na mia tano kwa siku ishirini na sita. Ikaja elfu tisini na moja. Wallahi nilidhani yule bwana amekosea hesabu, nikasaini haraka kabla hajagundua.

Mnacheka. Chekeni tu, mimi nilicheka zaidi yenu siku ile. Kosa langu ni hili, na ni kosa la watu wa pwani wanaotegemea hoteli kwa riziki: nilipiga hesabu ya mwaka mzima kwa kipimo cha Desemba. Desemba vyumba vyote vimejaa, mashine zinafanya kazi mchana kutwa, na kila saa kuna moja imezima. Ungeniuliza Mei itakuwaje, ningekuona mtu wa kuniombea mabaya.

Siku ya kwanza ya ukandarasi nilifika kwenye lango la wafanyakazi kama kawaida. Askari, rafiki yangu wa miaka mingi, akanizuia. "Wewe sasa unapitia mbele, bwana mkubwa," akaniambia, na kule mbele nikaletewa kitabu cha wageni. Jina, saa ya kuingia, sababu ya kuja. Pale kwenye sababu nikaandika Mkandarasi, kwa herufi kubwa. Nilijiona nimepanda cheo.

Mwezi ule nilishika elfu themanini na nne. Ndugu zangu, sitawadanganya ili hadithi ipendeze: ile miezi miwili ya kwanza ilikuwa mizuri. Hakuna aliyeniuliza nimechelewa wapi. Kazi yangu ilikuwa safi kuliko nilipoajiriwa, maana niliifanya kwa moyo. Ninaikumbuka mpaka leo, na kuikumbuka kwenyewe kunaniuma.

Lakini pesa ile ilikuwa na mashimo. Mtungi wa gesi, ambao zamani niliuchukua stoo ya hoteli, sasa nanunua mwenyewe. Pampu, geji, ngazi, vyote vyangu. Ngazi niliipata ya mitumba. Chakula cha mchana cha wafanyakazi sikuruhusiwa tena. Gari la kuturudisha usiku likanipita barabarani na wenzangu wakanipungia mkono. Ile pesa ya bima ya matibabu na akiba ya uzeeni ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara kabla sijaiona, na mimi nikiiita wizi. Sasa hakuna wa kukata, na mimi sikupeleka. Kila mwezi nilisema mwezi ujao.

Pasaka ikapita, mvua zikaja, hoteli ikafungwa mpaka Julai kama kila mwaka. Wenzangu walioajiriwa wakaenda nyumbani na nusu mshahara, bima zao ziko hai. Mimi nilikuwa nikiwacheka kwa hiyo nusu. Mwezi wa Mei niliitwa siku mbili, kwenye nyumba ya mtu binafsi. Juni sikuitwa. Nilikuwa nikiipigia simu yangu mwenyewe kwa simu ya mke wangu nihakikishe inaita.

Julai hoteli ikataka kufunguliwa, na AC zote zihudumiwe kwa wiki moja. Nikaingia na pupa ya mtu mwenye njaa. Siku ya tatu nilikuwa juu ya ngazi yangu ya mitumba, ghorofa ya pili upande wa bustani, mguu mmoja wa ngazi ukakatika. Nikaangukia bega na mkono wa kulia. Mfupa ulivunjika mahali pawili.

Nikiwa pale chini kwenye majani, kitu cha kwanza kilicholetwa hakikuwa machela. Kililetwa kitabu cha wageni. Meneja alikifungua, akatafuta mstari wangu, akamwonyesha askari kwa kidole. "Huyu hakuingia kama mfanyakazi," akasema. "Ameandika mwenyewe." Akaniinamia. "Pole sana, fundi. Lakini usalama wako uko juu yako, iko kwenye ukurasa wa tatu wa mkataba."

Hoteli ile ina bima ya mgeni anayeteleza bafuni. Ina bima ya mfanyakazi anayeungua jikoni. Mimi sikuwa huyu wala yule. Askari rafiki yangu ndiye aliyenipeleka hospitali kwa tuktuk, kwa pesa yake mwenyewe, na aliporudi alikatwa mshahara wa nusu siku.

Hospitali walitaka kuniwekea chuma mkononi. Bima yangu ilikuwa imekufa tangu Desemba. Nawaambieni tulichofanya, kwa sababu wengi wenu mmesikia nusu tu. Mke wangu alikuwa na ekari mbili za shamba kule kwao Adu. Marehemu baba yake alimpa yeye, binti, mbele ya kaka zake wote, jambo lisilo la kawaida kwao, na wakagomba na mzee, lakini mpaka anakufa hakubadilisha. Zilikuwa na mikorosho aliyopanda mzee mwenyewe. Mimi nilikuwa kitandani nikitazama ukuta, sikuweza kumwomba. Ni yeye aliyesema. "Mkono wako ndio unaotulisha. Tutauza." Nikamwambia tungoje. Akasema, "Tungoje nini? Hoteli?"

Ziliuzwa kwa bei ya mtu mwenye shida. Miezi saba sikushika bisibisi, na watoto wakakaa nyumbani kwa kukosa karo.

Katika miezi hiyo alikuja kunitazama mama mmoja, msimamizi wa dobi pale hotelini. Alikuja na mikate ya mofa na maneno makali. Akaniuliza, "Ulipokuwa ndani ulilipwa ngapi?" Nikasema thelathini na mbili. "Siyo," akasema. "Hiyo ni uliyoshika mkononi. Nakuuliza ulilipwa ngapi."

Akaanza kunihesabia kwa vidole. Chakula cha mchana. Gari. Gesi na vifaa. Bima. Likizo. Nusu mshahara wa mvua. Siku unayougua na bado unalipwa. Na kuanguka, mwanangu, akasema, kuanguka nako kuna bei. Tulipojumlisha na kugawa kwa siku ambazo kweli niliitwa mwaka ule, ilionekana kila siku ya ukandarasi ilitakiwa inilipe karibu elfu saba. Mimi niliuza kwa nusu, nikasherehekea. Nilimkasirikia yule mama. Nilikaa siku mbili sijaugusa mkate wake. Siku ya tatu nikaomba kalamu na karatasi, nikarudia ile hesabu kwa mkono wa kushoto, ikaja vile vile.

Hapo ndipo nilipogeuka. Sikuota ndoto, sikusikia sauti. Niliona tu kwamba sikudhulumiwa na ile bei. Niliambiwa bei, nikaikubali bila kujua yangu.

Mkono ulipopona meneja akapiga simu. Elfu tatu na mia tano, kama zamani. Nikamwambia elfu saba, bima juu yao, na kitu kidogo cha kunishikilia miezi ya mvua. Akacheka. "Fundi, hiyo ni bei ya Mzungu." Nikamwambia basi amwite Mzungu. Najua alimpata mwingine kabla jua halijatua, na huyo mwingine sasa hivi anasaini kitabu.

Leo nimeajiriwa kwenye kiwanda cha barafu cha wavuvi, kule Kilifi. Nalipwa elfu ishirini na nane, chini ya nilichokitukana miaka kumi na mmoja. Siipendi kazi ile. Bosi wangu ni mdogo kwangu na hajui kushika spana. Lakini bima iko, na Jumamosi natoka na mkoba wangu kufanya kazi za watu kwa bei yangu. Anayeiona kubwa namtakia heri. Kwa hizo za Jumamosi, na huo mshahara mdogo, watoto wamerudi shule.

Nawashukuru nyinyi. Mlituletea unga miezi saba na hakuna aliyekuja kututangazia mtaani. Namshukuru yule askari, na mama wa dobi, Mungu amzidishie.

Nyinyi wawili mnaotaka mkopo, mimi sitawapinga. Ukandarasi si haramu. Lakini kapigeni hesabu zenu kwa mwezi wa Mei, na mseme nani atalipa mkivunjika. Mkilijibu hilo, nitawapigia kura mimi wa kwanza.

La mwisho, na mke wangu atanisamehe. Mwaka jana tulikwenda Adu kwa matanga ya mjomba wake. Korosho zilikuwa zimeiva. Tulipofika kwenye lile shamba tuliloliuza alisimama kwenye seng'enge, akamwomba mwenye shamba wa sasa ruhusa aokote chache awapelekee watoto. Yule bwana ni mwema, hana kosa. Akamuuliza, "Mama, unaijua njia ya kuingia?" Mke wangu akamjibu, "Nionyeshe." Akatembea nyuma yake mpaka kwenye miti ya babake.