Samaki Aliyeota Majani

Kando yangu katika basi la ufukweni alikaa fundi wa mianzi na msumeno wake. Meno ya msumeno alikuwa ameyafunga kwa shati lake, yasije yakanikwaruza goti. Nikampenda hapo hapo.

Mshonaji aliyekaa mbele yetu akageuka. "Kaka, unakwenda kumkata nani?"

"Samaki," alisema fundi. Alimjenga mwenyewe kule ufukweni, samaki wa mianzi mkubwa kama nyumba, wa kutufundisha kuishi vizuri na mazingira. Wageni wanamzindua leo. "Mianzi niliikata mbichi, dada. Mvua imenyesha, sasa ameota majani mpaka mkiani! Mwenye kazi akiona, hanipi kazi tena."

Mshonaji alicheka hadi kilemba chake kikaanguka. "Yaani umeyahubiria mazingira, yamekuitikia, halafu unayanyoa?"

"Samaki ana ndevu, dada!"

"Basi ni mzee wa heshima. Mwache!"

Abiria wote walicheka, hata fundi, machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa upande wa majani, ila hakuna aliyeniuliza.

Basi likasimama ufukweni. Fundi akashuka na msumeno wake. Mshonaji, aliyekuwa amelipa nauli ya kufika sokoni, mbele zaidi, akaruka nyuma yake akipiga kelele, "Kaka, uache hata mkia!"