Askofu kwenye Jiwe, Mungu kwenye Plaiwudi

PATASI: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, mashine inanguruma hapa.

KATIBU: Ni mimi.

PATASI: Mimi wako wengi.

KATIBU: Dada yako! Zima hiyo mashine.

PATASI: Ngoja... Haya, imezimwa. Dada yangu? Yule anayenipigia kukiwa na msiba tu? Nani amekufa?

KATIBU: Hajafa mtu. Bado. Na shikamoo siku hizi hutoi?

PATASI: Shikamoo, Mheshimiwa Katibu wa Kanisa.

KATIBU: Marahaba. Sikiliza, salio langu ni la dakika chache na mtandao wenyewe ndio huu. Nimetoka kanisani mbio, niko kwa mama. Asubuhi hii nimefunua pazia nilipanguse jiwe vumbi kabla wageni hawajafika.

PATASI: Ahaa.

KATIBU: Usiseme ahaa. Nimelisoma. Nimelisoma tena. Nikazunguka nyuma ya ukuta nikidhani labda linaendelea huko.

PATASI: Huko nyuma kuna saruji na mijusi.

KATIBU: Limeishia "kwa utukufu wa".

PATASI: Eeh.

KATIBU: Wa nani?

PATASI: Hilo swali ni zuri sana. Ungewauliza kamati yenu ya ujenzi, wana majibu ya kila kitu.

KATIBU: Patasi! Saa tisa Baba Askofu anavuta kamba, pazia linaanguka mbele ya watu wote, na jiwe la msingi la nyumba ya Mungu halina Mungu!

PATASI: Nafasi iliisha.

KATIBU: Nafasi—

PATASI: Iliisha, dada. Jiwe lina futi nane kwa mbili, mimi silivuti kama chapati. Niliwachorea kwenye karatasi, mistari mitano. Wa kwanza, "Jiwe hili limewekwa na". Wa pili, "Mheshimiwa Baba Askofu Mkuu Mtume Daktari". Wa tatu jina lake, la baba yake na la babu yake, na babu mwenyewe alikuwa mchawi—

KATIBU: Nyamaza!

PATASI: Nanukuu historia. Wa nne, "Mwangalizi wa Kudumu wa Makanisa Yote". Wa tano, "na Mlezi wa Kondoo Wake, kwa utukufu wa". Nikawaambia, waheshimiwa, Mungu wa milele haenei. Punguzeni vyeo au punguzeni ukubwa wa herufi. Mwenyekiti wako akaweka vidole vitatu juu ya karatasi, hivi, akasema herufi zisipungue hapo, zisomeke mpaka barabarani. Nikarudia mara tatu. Wakatia saini. Saini saba ninazo hapa kwenye msumari.

KATIBU: Kwa hiyo ukachonga tu.

PATASI: Neno kwa neno, kwa mpangilio walionipa. Nilipofika ukingoni nikaweka nyundo chini. Mimi ni nani hata nimpunguzie mtu udaktari? Hata kama hakuna aliyewahi kuiona shule yenyewe.

KATIBU: Ungeniambia mimi.

PATASI: Niliwaambia kamati.

KATIBU: Kamati si dada yako. Tumezaliwa tumbo moja, unajua nambari yangu, na ulikaa na hilo jiwe wiki tatu. Ulitaka tuaibike.

PATASI: Niliwataka msome. Kuaibika ni juu yenu.

KATIBU: [mtandao unakwaruza] ...ndiye aliyetoa wazo. Umesikia?

PATASI: Nimesikia mchanga. Rudia.

KATIBU: Nasema mwenyekiti nimemwonyesha, na ametoa wazo. Tukate ubao mwembamba, tuupake rangi ya kijivu, uandike "Mungu wa milele", tuupigilie chini ya jiwe. Kwa mbali hakuna atakayetambua.

PATASI: Ubao gani?

KATIBU: Kuna kipande kimebaki pale stoo. Cha... plaiwudi.

PATASI: [anacheka mpaka anakohoa]

KATIBU: Cheka umalize.

PATASI: Subiri, subiri nikae. Yaani Askofu kwenye jiwe, Mungu kwenye plaiwudi! Mvua ya kwanza wa milele anavimba. Mvua ya pili anabanduka pembeni. Mwaka ukiisha mchwa wamemla, na Mwangalizi wa Kudumu bado anang'aa pale juu. Mwambie mwenyekiti huyo ni mwanatheolojia. Naye mpeni udaktari, nafasi itapatikana.

KATIBU: Sema polepole, spika ya simu hii iko juu! Mama yuko chumba cha pili na mlango uko wazi.

PATASI: Mama anaendeleaje?

KATIBU: Ndiyo nilitaka nikwambie, hunipi nafasi.

PATASI: Niambie.

KATIBU: Juzi amekataa uji. Jana amekunywa vijiko viwili. Ameniambia hana shida na kwenda, shida yake ni kwenda bila kuketi tena kwenye meza ya Bwana. Basi nikapiga magoti ofisini kwa Baba Askofu.

PATASI: Ukapiga magoti. Kwake.

KATIBU: Nikapiga! Akasema sherehe ya leo ikienda vizuri, jioni atakuja mwenyewe na mkate na divai, amrudishe mama kundini. Ikienda vizuri. Hayo ndiyo maneno yake. Upo?

PATASI: Nipo.

KATIBU: Sasa umeelewa ninachobembeleza? Siubembelezi ubao.

PATASI: Na kwa nini mama yuko nje ya kundi, dada?

KATIBU: Usianze.

PATASI: Miaka tisa iliyopita, Jumapili, baada ya matangazo. Feni ya kushoto ilikuwa imekufa, Askofu amevaa viatu vyeupe. Wakasema wanaopenda Mwangalizi wetu awe Mwangalizi wa Kudumu wanyooshe mikono. Mikono ikaota kama magugu. Akasimama bibi mmoja mwenye kitambaa cha bluu, akauliza, "Kudumu kwa nani, baba? Mimi nilidhani kazi hiyo ina mwenyewe, na mwenyewe hajastaafu."

KATIBU: Nakumbuka.

PATASI: Wakamwita muasi. Wakalifuta jina lake daftarini. Kwa kalamu nyekundu.

KATIBU: Nakumbuka, Patasi.

PATASI: Na nani aliyekuwa na kalamu?

KATIBU: [Mtandao unakwaruza.] Nilikuwa katibu. Niliambiwa futa, nikafuta. Mkono niliolifutia jina lake ndio huu huu ninaomlishia uji. Unadhani wewe peke yako ndiye unayekumbuka? Nilitaka leo jioni nifungue daftari lile lile niliandike upya. Ndiyo maana nimekubali hata plaiwudi. Sema kitu. Ulimi wako wote huo umeenda wapi?

PATASI: Nilikuwa sijui habari ya jioni. Ningejua—

KATIBU: Ungefanyaje? Ungemchongea vizuri?

PATASI: Sijui. Hapo umenishika. Mimi nina mawe matatu hapa uani, ya maaskofu waliomtangulia huyu. Wote waliandikwa "wa kudumu", na kila aliyekuja aliniita nimng'oe mwenzake. Moja naegemezea mlango, moja nanolea patasi, la tatu kuku wanajisaidia juu yake. Nilisema huyu naye nimpe umilele wake mkubwa, usomeke mpaka barabarani, nisubiri tu.

KATIBU: Ngoja. Mama anagonga ukuta. [hatua, mlango] Ndiyo, mama... Ni yeye... Hapana, hatugombani... Eti? [anacheka kidogo] Patasi.

PATASI: Anasemaje?

KATIBU: Anauliza plaiwudi ni ya unene gani.

PATASI: Amesikia yote?

KATIBU: Miguu ndiyo imekataa, masikio hayajambo. Anasema... ngoja, anapumua... anasema aliyekubali kulazwa kwenye hori la ng'ombe haoni aibu ya plaiwudi.

PATASI: Mwambie mama, mimi sikuwa namtania Mungu, nilikuwa—

KATIBU: Anasema nyamaza, hajamaliza. Anasema wewe na Askofu mnaumwa ugonjwa mmoja.

PATASI: Mimi na nani?

KATIBU: Mmoja anadhani Mungu anahitaji yeye amfadhili nafasi. Mwingine anadhani Mungu amenyang'anywa nafasi, ana kinyongo kwa niaba yake. Anasema kabla jiwe halijawa jiwe Yeye alikuwepo. Na jiwe likisagika likawa unga wa kupeperushwa, atakuwepo. Amekaa kwenye kiti chake na hakuna aliyemnyooshea mkono kumchagua, kwa hiyo hakuna wa kumshusha. Anasema anayetaka herufi kubwa ni yule anayejua atasahaulika.

PATASI: Hiyo ya mwisho ni nzuri.

KATIBU: Anasema usiichonge popote.

PATASI: Sawa, mama. Sasa tuweke plaiwudi? Maana kama Mwenyewe hajali...

KATIBU: Namuuliza... [sauti mbali] ...Anasema Mwenyewe hapungui. Anayepungua ni anayepigilia misumari huku akijua.

PATASI: Mh.

KATIBU: Na mkate anasema anautaka. Ameulilia miaka tisa. Lakini hautaki kwa kubadilishana na pazia. [akimgeukia mama] Mama, lakini yeye ndiye mwenye kurudisha... Nisikilize, mama, jina lako bado limefutwa...

PATASI: Dada? Dada, anasemaje? Unakatikakatika.

KATIBU: Amenishika mkono. Anasema kuna kitabu kingine, na katibu wake si mimi. Anasema kalamu yangu haikufika huko. Hata ile nyekundu.

PATASI: Unalia?

KATIBU: Vumbi.

PATASI: Vumbi liko kwangu.

KATIBU: Basi limepitia kwenye simu. [anapenga kamasi] Ukisaga ile mistari miwili ya chini, unaweza kuchonga upya kabla ya saa tisa?

PATASI: Sasa saa tatu na robo. Ipi, wa nne na wa tano?

KATIBU: Hiyo.

PATASI: Wa nne ndio wenye "wa Kudumu".

KATIBU: Najua uko wapi. Niliuandika mimi kwenye muhtasari.

PATASI: Dada, fikiri vizuri. Askofu akivuta kamba akaukosa udumu wake, jioni haji mtu. Na ukatibu wako utakuwa umekwenda na maji.

KATIBU: Nimekuuliza muda, sikukuuliza habari za ukatibu.

PATASI: Muda unatosha. Mstari mmoja tu, "Kwa utukufu wa Mungu wa milele". Ila jiwe litaingia ndani kidogo hapo nitakaposaga. Patakuwa kama bonde, Mungu chini, vyeo juu.

KATIBU: Mama anasema bondeni kumezoeleka, ndiko maji yanakokaa. Njoo na mashine.

PATASI: Na jina la Askofu? Nikiwa tayari na mashine mkononi, ni dakika ishirini tu za ziada. Nalisaga, na u-Daktari nausaga bure.

KATIBU: Jina liache.

PATASI: Dada—

KATIBU: Mama anasema liache. Ni kiumbe naye, alibatizwa kwa maji haya haya. Na anasema ujifunge kitambaa puani, kifua chako hakitaki vumbi.

PATASI: Mwambie nimesikia. Na mwambie jioni... kama hakuna atakayekuja jioni, nitakuja mimi. Sina mkate wa Askofu, lakini nitakaa.

KATIBU: Miaka tisa hujakanyaga hapa, tangu nilipoishika ile kalamu.

PATASI: Nahesabu kuliko wewe.

KATIBU: Mlango wa pembeni nitaufungua mwenyewe, funguo ninazo mpaka saa tisa. Mwenyekiti namwambia ubao umepasuka.

PATASI: Aa, plaiwudi kupasuka! Uongo wa kwanza wa siku.

KATIBU: Nitaupasua kwanza, basi, usiwe uongo. Fanya haraka, simu inanilialia, salio—

PATASI: Moja tu. Wakikubana mbele ya watu, nani alikuruhusu, hili umelifanya kwa amri ya nani, utawajibu nini?

KATIBU: Nitasimama pale pale aliposimama mama.

PATASI: Useme nini?

KATIBU: Niseme nimefanya kwa utukufu wa—

[Mlio mfupi. Salio limekwisha.]

PATASI: Haloo? Dada?... Haloo? Malizia, dada. Safari hii nafasi ipo.