Vichungi vya Sigara vya Afande

Kijiwe chetu kiko mtaa wa Namuwongo, kando ya reli, benchi moja mbele ya birika la Nuriat, muuza kahawa. Asubuhi ile kahawa ilipoa vikombeni. Lakica, binti wa Odoch, alikuwa nyumbani akivaa sare; gari la kampuni ya ulinzi lilikuwa linakuja kumpeleka kwenye mazoezi ya shabaha kwa mara ya kwanza, na kampuni ilishasema viziba masikio ni vya mwalimu peke yake. Odoch, tunayemwita Afande, alifyatua bunduki jeshini ujana wake wote, na leo lazima umguse bega ndipo ajue unamsemesha. Basi huyo huyo alikuwa anachambua vichungi vya sigara ampe mtoto azibe masikio. Niliudhika.

— Hii dawa ya jeshi, Afande akasema. Tia huku, tia huku, kwisha.

— Hiyo inazuia moshi, Afande, haizuii mshindo. Huyo ni Khaemba, Mkenya muuza misumari, jina lake hapa Profesa. Disko inaharibu masikio polepole. Bunduki, risasi moja inatosha. Wataalamu wanasema mwisho wa sikio ni desibeli mia moja arobaini, na bunduki inapita hapo.

— Nini?

Profesa akarudia kwa kupaza sauti.

— Hiyo masikio ya bazungu, akadakia Okullo, mlinzi wa benki, tunayemwita Redio kwa kupaza sauti. Yetu inakomaa kama kisigino. Na mtoto wa nyoka ni nyoka, ssebo. Lakica iko na masikio ya baba yake.

— Hapo ndipo naogopa, nikasema.

— Afungue mdomo tu, Redio akaendelea. Mshindo inaingia kwa sikio, inatokea kwa mdomo.

— Na ameze samli kwanza, akasema Afande. Iteleze.

— Banange, jamani, aombe viziba vyake, Profesa akamwambia sikioni. Ni haki yake.

Afande akasimama, kahawa ikamwagika.

— Akiomba, wanachukua mwingine. Geti imejaa watu. Mvumilivu hula mbivu.

— Hata asiyeisikia mbivu ikianguka? nikauliza.

Lakica alikuwa ameshafika, sare imenyooka, akamgusa baba yake bega. Afande akamwekea vichungi kiganjani. Lakica akavitazama.

— Asante, baba. Hao wenzako wote mliotia hii jeshini, nani leo anasikia vizuri? Nimpigie simu nikiwa njiani.

Redio akainamia kikombe chake. Gari likapiga honi barabarani, sote tukageuka, isipokuwa Afande, aliyekuwa bado anatafuta jina.