Samadi Juu ya Theluji

Zima hiyo redio, Gaylen, ukae. Na wewe Marit, acha kunipangapanga mito, mgongo huu hauponi kwa mito. Nina maneno, na nataka kuyasema nikiwa bado na pumzi, maana jana nilianza jambo nikashindwa kulimaliza, mkadhani nimelala. Sikulala. Niliwasikia jikoni mkinong'onezana nani atachukua nini, na mimi nimo humu chumbani navuta hewa. Basi leo nawagawia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na karatasi zake ziko kwa wakili kule Viroqua, zimeshatiwa sahihi, kwa hiyo hakuna wa kunibembeleza.

Naanza na wewe, Marit, kwa sababu chako ni kidogo na hakina ugomvi. Chukua ule ufito wangu wa kuvulia, wa mwanzi, na kisanduku cha nzi wa bandia wa kuvulia. Najua hujavua tangu uende kuuguza watu huko mjini, na najua dada mmoja wa kanisani alishakwambia vitu hivyo vinauzwa kwa watu wa Chicago. Usiuze. Kila nzi mle nimemfunga kwa mikono hii, unyoya wa jogoo na nywele za sungura juu ya ndoano ndogo kama punje ya ngano, wakati mikono bado inanitii. Wale weusi wadogo ndio wa majira haya. Ukiona vidudu vyeusi vinatembea juu ya theluji ukingoni mwa kijito, kama vimepotea njia, hivyo ndivyo vinavyoliwa na trauti, samaki wetu wa maji baridi, wala usiwatafutie kitu kingine.

Na usiamke mapema. Watu wanakuja kijito hiki mwezi wa tatu alfajiri, wanatetemeka, barafu inaziba vipete vya ufito, wanapiga maji mpaka mkono unakufa ganzi, halafu wanasema kijito hakina samaki. Samaki wa mwezi wa tatu hatoki kitandani kabla ya chakula cha mchana. Tena ogopa jua kali. Jua likiwaka theluji inayeyuka, maji ya theluji yanaingia kijitoni, na maji yale ni baridi kuliko ya chemchemi. Samaki anafunga mdomo kama mlango wa benki. Siku nzuri ni siku mbaya, mwanangu: mawingu mazito, manyunyu, upepo umelala. Hapo ndipo wale nzi wa rangi ya zeituni wanapoibuka, na utaona pua zinatokeza pale maji yanapopunguza mbio. Piga magoti. Nyasi za kukuficha hazijaota bado, na maji ni meupe, anakuona toka mbali. Na usikanyage changarawe safi, ile inayong'aa; chini yake kuna watoto wa samaki ambao hawajatoka. Maji yakiwa rangi ya chai ya maziwa, bado unaweza kuvua karibu na ukingo. Yakiwa rangi ya udongo, rudi nyumbani. Na yakiwa na harufu...

Nipe maji. Kidogo. Basi.

Yakiwa na harufu, mwulize kaka yako.

Kaa, Gaylen. Sijamaliza na sitasema mara mbili. "Mama, hayo yalishapita." Nimekusikia, na nimesikia maneno hayo hayo kwa baba yako mpaka siku tuliyomzika. Kwenu yalipita. Mimi nimekaa nayo kwenye nyumba hii, nimepika nayo, nimelala nayo, na leo mtayasikia yote kwa mpangilio, bila mtu kunipigapiga begani akiniambia nipumzike.

Mwaka ule theluji ilichelewa kuondoka. Shimo la samadi lilijaa mpaka mdomoni, na wewe ulikuwa umeongeza ng'ombe bila kuongeza shimo, ingawa nilikwambia. Eldon Rusk akavuka daraja kwa miguu akaja hapa. Marit, unamkumbuka Eldon, jirani yetu wa ng'ambo, aliyekufundisha kutupa mshipi pale nyuma ya zizi lake ukamnasa kofia. Alisimama mlangoni pa jikoni, hakuingia kwa sababu ya matope ya buti zake. Nilikuwa nakanda unga. Akasema, "Gaylen, kijana wangu, usimwage leo. Ardhi bado ni jiwe, na redio inasema mvua ya joto inakuja. Shimo langu lina nafasi. Lete kwangu, tutasaidiana." Na wewe, ukiwa na kikombe cha kahawa yangu mkononi, ukamjibu, "Mzee, wewe chunga samaki wako, mimi nichunge ng'ombe wangu." Ukacheka. Baba yako naye akacheka. Eldon akanitazama mimi, akainamisha kofia, akaondoka.

Mchana ule ule ukapandisha trekta shamba la mteremko. Niliona kwa macho yangu, kupitia dirisha hili, samadi ikitandazwa juu ya theluji, mistari ya kahawia kwenye weupe, kuanzia juu mpaka karibu na ukingo. Mvua ikaja kama alivyosema. Ardhi ikiwa imeganda hainywi kitu, na kila ulichomwaga kiliteremka.

Nilishuka kulipokucha. Sijui kama nyinyi mmewahi kuona kijito kilichokufa. Maji yalikuwa yanatoa povu. Trauti walikuwa wamelala ubavu kwenye ile kona ya mierebi, wakubwa ambao nilikuwa nawajua mmoja mmoja na kuwarudisha majini kila mwaka, na wadogo kama kidole, na juu ya changarawe kulikuwa na vile vitoto vilivyokuwa ndiyo kwanza vinatoka, vyeupe, vimetanda kama mchele uliomwagika. Mpaka darajani, na chini ya daraja. Niliwaokota kwa aproni nikachoka. Nikakaa pale kwenye matope nikalia, na sijawahi kulia hivyo kwa mtu, Mungu anisamehe, hata kwa mama yangu.

Ofisa wa mito alipofika, theluji ilikuwa imeisha yote. Hapakuwa na mistari. Palikuwa na mazizi mawili yanayotazamana, letu na la Eldon, na shimo la Eldon lilikuwa limejaa maji ya mvua mpaka linafurika. Na wewe, mwanangu niliyekuzaa, uliinua mkono ukaelekeza ng'ambo. Nikasema hapana. Nilisema mbele ya ofisa, mbele ya baba yako, kwenye uwanja huu huu. Nikasema, "Ni sisi. Nimemwona mwanangu akimwaga jana." Baba yako akanishika kiwiko taratibu, kwa upole kabisa, akamwambia yule mgeni, "Umsamehe mke wangu. Tangu mamake afariki, akili yake haijatulia."

Kwa upole. Laiti angenipiga kofi.

Toka siku ile nikawa mwanamke ambaye akili yake haijatulia. Kanisani wanawake wakaanza kunizungumzia taratibu kama mtoto. Hawakuniachia tena sufuria kubwa ya kahawa ya siku za mazishi, eti nitajichoma. Wewe Marit ulirudi kutoka chuo siku ya Pasaka, ukanikumbatia kama mtu anavyokumbatia mgonjwa, ukaniuliza kama nameza dawa. Dawa gani? Usilie. Ulikuwa msichana na uliambiwa na baba yako. Lakini baadaye ukawa muuguzi, ukajua mgonjwa wa akili anafananaje na asiyeumwa anafananaje, na hukurudi kuniuliza tena. Hilo ni lako, lichukue pamoja na ufito.

Na Eldon? Kiwanda cha jibini kikakataa maziwa yake. Watu aliowakopesha trekta wakaanza kutazama upande mwingine dukani. Mtu mmoja akamwandikia MUUA SAMAKI kwa rangi kwenye sanduku lake la barua. Eldon, ambaye alikuwa akimwona korongo akivua samaki anavua kofia! Ng'ombe wakauzwa, wakapakiwa kwenye lori mbele ya macho yangu, na yeye akasimama barabarani akishika kila mmoja mgongo alipokuwa anapanda. Nilivuka daraja. Nikamwambia, "Eldon, nimesema. Nimesema kwa kila mtu mwenye masikio." Akaniambia, "Najua, Verna. Ndiyo maana naweza kuondoka nikiwa nimesimama wima." Kisha akanipa ule ufito wa mwanzi. Ndiyo, Marit, ule. Aliutengeneza mwenyewe. Akaenda Decorah kwa dada yake, na yupo huko mpaka leo, kwenye nyumba ya wazee, macho hayaoni vizuri lakini kichwa ni kizima kuliko vyenu vyote.

Samaki walirudi. Polepole, kutoka juu kwenye chemchemi ambako samadi yako haikufika, mwaka baada ya mwaka wakishuka hatua chache. Watu wakaona samaki wamerudi, wakasema basi, yameisha. Wewe pia ulisema hivyo. Ukaleta wageni wako wa ushirika wa maziwa, ukawaonyesha kijito, ukawaambia familia yetu imekitunza tangu babu alipotoka Norway. Nilikuwa nawamiminia kahawa. Nilitamani kuimimina kichwani mwako.

Ngoja... ngoja nivute pumzi.

Sasa sikiliza ninavyogawa, Gaylen. Nyumba ni yako, zizi ni lako, mashamba ya bondeni upande wa barabara ni yako, uliyafanyia kazi na sikunyimi. Shamba la mteremko hulipati. Najua unalihitaji kwa mahindi ya ng'ombe, na najua umeshamwambia mkeo mtajenga zizi jipya pale juu. Hamjengi. Shamba lile na majani yote ya ukingoni ni mali ya Marit kuanzia siku nitakayokufa, na imeandikwa kwamba halitalimwa, halitatandazwa samadi, litaachwa liote nyasi na mierebi mpaka lisahau kama liliwahi kuwa shamba. Usinitolee macho. Marit, akija kukubembeleza ulikodishe, na atakuja, atakuja na pai ya mkewe na maneno matamu kama ya baba yake, mwambie mama alisema hapana. Ukimpa hata mstari mmoja nitajua, popote nitakapokuwa.

Na Eldon apitishwe kwenye ardhi hiyo siku yoyote anayotaka, hata kama ni kwa kiti cha magurudumu. Umpeleke wewe, Marit. Umweke pale kwenye kona, umfungie nzi kwenye uzi maana yeye haoni, umwambie pua zinatokea wapi, naye atatupa. Mikono yake haisahau.

Mazishi yangu yawe ya kawaida. Mchungaji asiseme nilikuwa mpole. Chakula kiwe kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kama kawaida, mikate ya nyama, lefse, zile chapati nyembamba za viazi za Bi Agnes na si zile za dukani, na kahawa iwe kali. Watu wakishakaa na vikombe vyao, Gaylen, wewe utasimama. Utasema, "Nilimwaga mimi. Mama alisema kweli." Basi, hutakiwi kusema zaidi. Maneno hayo hayachukui hata muda wa kumaliza kipande cha mkate. Wanawake wale wale walioninyang'anya sufuria ya kahawa, nataka wasikie huku wamejaza mdomo.

Unaangalia buti zako. Unafanana naye unapofanya hivyo, unajua? Hata shingo.

Marit, njoo karibu, sauti inaniisha. Inamisha kichwa. Mungu akutangulie na akufuate, akupe mikono isiyotetemeka, akupe mtu wa kukuamini unaposema uliloona. Nimekuachia vichache na nimekusema vikali, na nilikupenda siku zote mbili, ulipouliza na uliponyamaza. Amina. Sema amina.

Leo kuna mawingu, sivyo? Nimeona. Na upepo umelala. Ikifika saa saba... hapana, nenda sasa, usinikalie hapa. Wale wa zeituni wataibuka. Magoti, Marit. Piga magoti.

Gaylen.

Umeinamisha kichwa na wewe. Naona. Mtu mzima na mvi zako, umeinama unangoja mkono wa mama yako. Ningependa... mkono wenyewe mzito. Hapana. Baraka yako ipo, sikuinyima, mama hawezi. Lakini haipo humu chumbani. Nilimpigia simu Eldon juzi, nikamwachia yeye, neno kwa neno, ameishika kichwani. Nenda Decorah. Mwambie ulilofanya, naye atakutamkia baraka yako.

Funguo za gari ziko... pale... msumarini.