Kibati cha Chomba kwenye Ubao

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa, tumkumbuke mtu. Baba Chomba Paulin ametuacha juma hili, nyumbani kwake mtaa wa Naviundu, akiwa na miaka themanini na saba. Fundi wa mbao. Mtu wa mkono wenye vidole viwili.

Vile vitatu vilibaki kazini, mwaka 1961. Mji ulikuwa ungali unaitwa Élisabethville, Katanga imejitenga, askari wako kila njia panda. Mke wake Madeleine alikuwa na mimba ya kwanza.

Pale kwenye karakana ya mbao alikofanya kazi, kila mtu alikuwa na jetoni, kibati chenye namba yake. Asubuhi siréni ikilia, unakitundika ubaoni. Jioni unakitoa. Kibati kiko ubaoni, basi uko kazini. Lakini kapita, msimamizi wao, alikuwa na mtindo wake: msumeno utiwe mafuta mbele ya siréni, yaani kabla haijalia, ili ikilia tu, mbao zianze kupita. Dakika hizo hazikuandikwa popote. Ni katika dakika hizo msumeno ulimkata Chomba. Jetoni yake ilikuwa bado mfukoni.

Rafiki yake Lucien, kijana wa Kasai, alimfunga mkono kwa shati. Kisha akaichukua ile jetoni, akaitundika ubaoni. Alidhani anasaidia.

Wasikilizaji, kosa lilikuwa hapo. Kibati kilikuwa na damu. Karani alikitazama, akacheka kidogo.

"Hii mulitundika kisha aksida. Mbele ya siréni hakuna kazi."

Kama haikuwa aksida, yaani ajali, ya kazi, Chomba angejitibu mwenyewe. Asingepata rente, yaani malipo ya kila mwezi ya mtu aliyelemazwa na kazi. Wenzake wakamwambia aseme siréni ilikuwa imekwisha kulia. Madeleine akakataa.

"Camp yote ilisikia saa ililia. Utadanganya nani? Sema tu vile ilikuwa."

"Na Lucien?" Chomba akasema. "Mwaka huu, muntu wa Kasai, banamufukuza ku kazi na ku nyumba."

"Lucien iko na kinywa yake. Umuulize."

Chomba alimuuliza. Lucien aligeuka, akaenda zake.

Siku alipokuja enspekta wa kazi, mkaguzi wa serikali, Chomba alisimama na mkono wake mweupe wa bandeji. "Niliumia mbele ya siréni. Nilikuwa natia mafuta."

"Na jetoni?" enspekta akauliza.

Chomba akatazama chini. Kisha nyuma kabisa mtu akakohoa.

"Njo mimi nilitundika," Lucien akasema. "Nilifanya bujinga. Lakini vidole bilikatwa kweli."

Enspekta akauliza ni nani mwingine hutia mafuta mbele ya siréni. Mwenze, fundi mwenzao wa msumeno, akainua mkono. Halafu mwingine. Halafu watu wote wa msumeno. Kapita akatazama viatu vyake.

"Kama kapita njo anatuma," enspekta akasema, "ile iko kazi."

Chomba akatibiwa, akapata rente yake. Lucien alisimamishwa siku tatu, akarudi. Na ubao ukahamishwa mlangoni: tundika kwanza, mashini baadaye.

Binti yake, Mama Mutale, anakumbuka: "Baba alikuwa anatuambia, ukiumia ku kazi, sema siku ileile. Taja bale balikuona. Usiongeze, usipunguze. Na ukiona mwenzako anafanya kazi mubaya, usingojee damu."

Jetoni yenyewe ilikaa nyumbani, kwenye msumari karibu na mlango. Jana, kwenye kilio, wajukuu walitaka kuitia sandukuni, azikwe nayo. Mzee Lucien akawazuia.

"Hapana. Kazi ikiisha, muntu anatoa jetoni."

Akaitoa kwenye msumari. Akaipangusa kwa mkono wa koti, akamshikisha Mutale. Kisha akainama juu ya sanduku.

"Siréni imelia, yaya, ndugu yangu mukubwa. Enda upumuzike."

Mama Mutale, ndugu, majirani wote wa Naviundu, tunawapa pole. Mzee Lucien, pole zaidi.

Na wewe unayekwenda kazini kesho mapema: dakika zako za mbele ya siréni, zimeandikwa wapi? Uliza kungali mapema, vidole vikiwa vitano.